Jokofu Halitengenezi Baridi: Jinsi ya Kuchunguza Hitilafu Zake Nyumbani

Katika miji ya pwani yetu, miezi ya Januari na Februari huwa ya joto na unyevu mwingi, na jokofu la nyumbani hulazimika kufanya kazi ngumu kuliko wakati mwingine wowote. Maziwa yakichacha au samaki wakianza kunuka, mwenye nyumba humwita fundi. Si mara chache fundi huweka mkono ndani ya jokofu na kutamka neno moja tu: "Gesi imekwisha." Fedha hulipwa, gesi hutiwa, na baada ya majuma machache hali hurudi ile ile.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba gesi ya jokofu haiishi kwa kutumika, na kwamba mtu mwenye kuielewa fizikia ya shule ya sekondari aweza kuzitambua hitilafu nyingi yeye mwenyewe kabla ya kutoa fedha.

Kutoka mtungi hadi jokofu

Sote twaufahamu mtungi wa udongo. Maji hupenya katika vitundu vidogo vya kuta zake na kuvukizwa nje. Kila gramu ya maji inayogeuka kuwa mvuke huchukua karibu juli 2,400 za joto, na sehemu kubwa ya joto hilo hutoka katika mtungi na maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana maji ya mtungi huwa ya baridi. Joto hilo linalochukuliwa na mvuke huitwa joto fiche.

Jokofu hufuata kanuni hiyo hiyo, ila mvuke wake haupotei hewani; hukusanywa na kutumika tena. Jacob Perkins, mhandisi Mmarekani aliyeishi London, alipata hataza ya mashine ya namna hiyo mwaka 1834. Katika mabomba ya ndani, kimiminika maalumu huchemka kikiwa baridi na kunyonya joto la chakula. Kompresa, yaani pampu iliyo chini nyuma ya jokofu, huuvuta mvuke huo na kuukandamiza hadi upate joto kali. Mvuke hupita katika mabomba ya nje, hutoa joto lake hewani na kurudi kuwa kimiminika. Kisha kimiminika hupenya katika kijibomba chembamba sana, mgandamizo hushuka, na safari huanza upya.

Kwa hiyo jokofu halitengenezi baridi, huhamisha joto. Joto linalotoka nje ni lile la chakula pamoja na nishati ya umeme iliyotumiwa na kompresa. Mtu akiacha mlango wa jokofu wazi ili apooze jiko, jiko litazidi kuwa na joto. Hitilafu nazo zitafutwe kwa kuifuata njia ya joto, kwa maswali manne.

1. Je, kompresa inafanya kazi?

Ikiwa jokofu li kimya kabisa, itazame taa ya ndani. Isipowaka, chomeka taa ya mezani katika soketi ile ile. Huenda kasoro imo katika soketi, plagi au fyuzi. Taa ikiwaka, angalia kama kidude cha kupimia baridi, yaani themostati, hakikuzungushwa hadi sifuri.

Pengine kompresa hunguruma kwa sekunde chache, husikika mlio wa "tak", kisha hunyamaza na kurudia hivyo baada ya dakika kadhaa. Mota inapoanza kuzunguka huhitaji mkondo wa umeme mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa kawaida. Volti zikiwa zimeshuka mno chini ya 230, mota hushindwa kuanza, hupata moto, na kinga yake hukata umeme. Chomoa plagi usubiri umeme utengemae. Ikiwa volti ni sawa na mlio unaendelea, hiyo ni kazi ya fundi.

Aidha, umeme ukikatika na kurudi, ngoja dakika 5 kabla ya kuliwasha jokofu. Katika muda huo mgandamizo wa pande mbili za mabomba husawazika, na mota huanza bila kulemewa.

2. Je, joto linatoka nje?

Gusa kwa uangalifu mabomba ya nyuma. Katika majokofu mengi ya siku hizi mabomba hayo yamefichwa katika kuta za ubavuni, na ubavu kuwa na vuguvugu si ugonjwa. Mabomba yaliyofunikwa na vumbi, au jokofu lililobanwa ukutani, huzuia hewa kupita. Chomoa plagi, pangusa vumbi kwa brashi laini, na uache nafasi ya sentimeta 10 hivi nyuma. Usiliweke jokofu karibu na jiko la kupikia wala mahali palipo na jua.

3. Je, joto jipya linaingia kupita kiasi?

Bana kipande cha karatasi kati ya mpira wa mlango na jokofu, kisha kivute. Kikitoka bila kukaza, hewa ya nje inapita mahali hapo. Osha mpira kwa maji ya sabuni. Ukiwa umepasuka, ubadilishwe.

Chakula cha moto nacho ni mzigo. Tuseme lita 3 za mchuzi zinaingizwa zikiwa na nyuzi 90 za Sentigredi. Ili kuzifikisha nyuzi 5, jokofu lahitaji kuhamisha karibu kilojuli 1,070, tukichukulia kuwa mchuzi ni sawa na maji. Mchuzi huo ukipozwa kwanza hadi nyuzi 30, zitabaki kilojuli 315 tu. Lakini usiuache mezani zaidi ya saa 2, kwa sababu vijidudu huongezeka upesi katika chakula chenye uvuguvugu. Tumbukiza sufuria katika beseni la maji baridi na uukoroge.

4. Je, joto la chakula linayafikia mabomba ya ndani?

Hewa yenye unyevu huingia kila mlango ufunguliwapo, na unyevu wake huganda juu ya mabomba ya ndani. Barafu hiyo laini ina hewa nyingi ndani yake, hivyo huwa kama blanketi. Kompresa hunguruma mchana kutwa, ilhali chakula hakipoi. Barafu ikizidi unene wa milimeta 5, iyeyushwe. Zima jokofu, chomoa plagi, toa chakula, weka bakuli la maji ya moto ndani na usubiri.

Usitumie kisu kamwe. Mabomba hayo ni membamba, na tundu moja dogo hutoa gesi yote. Zamani ilitumika zaidi gesi ya R-12, inayoharibu tabaka la ozoni na iliyowekewa mipaka na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Majokofu mengi ya sasa hutumia R-134a, au R-600a ambayo ni isobutani na hushika moto. Jina la gesi huandikwa katika kibandiko cha jokofu.

Maji yakituama chini ya droo ya mboga, yaelekea tundu la kuyatolea nje limeziba. Lizibue kwa mrija laini na maji ya vuguvugu.

Gesi inapovuja kweli

Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na yaweza kudumu miaka mingi bila kupungua. Ikipungua, pana tundu. Dalili zake ni kwamba kompresa inazunguka bila kupumzika, mabomba ya nje hayapati joto, na barafu huonekana katika sehemu ndogo tu ya mabomba ya ndani. Hapo fundi aitwe, na aulizwe kwanza: "Tundu liko wapi, na utaliziba vipi?" Kutia gesi bila kuziba tundu ni kujaza maji katika pakacha.

Chakula na dawa

Weka kipimajoto katika glasi ya maji ndani ya jokofu usiku kucha. Kisome nyuzi 5 au chini yake. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Baridi haiui vijidudu vingi; huwachelewesha tu. Umeme ukikatika, usifungue mlango bila sababu: jokofu lililofungwa huhifadhi baridi kwa saa 4 hivi, na friza iliyojaa kwa saa 48. Insulini isiyoanza kutumika huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda haifai tena. Isiwekwe karibu na mabomba ya kugandishia.

Walimu waweza kuyafanya haya kuwa somo. Wanafunzi na wapime joto la jokofu la nyumbani mara tatu kwa siku, katika rafu ya juu, ya chini na mlangoni, wachore grafu, kisha waeleze ni kwa nini maziwa yanayowekwa mlangoni huharibika upesi.