Mkimbiaji wa Mchangani

Mdudu niliyemkimbiza utotoni ufuoni kwetu nimekuja kumjua Nairobi, tena akiwa maiti.

Nilikuwa mgeni wa mpwa wangu huko Kangemi. Asubuhi moja nikapanda matatu ya kwenda mjini, nikashukia Makumbusho ya Taifa. Ndani ya jumba lile, lililofunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Coryndon, mna hazina ya wadudu waliochomwa pini. Nikamwona mbawakawa mmoja mwembamba: miguu mirefu, macho yaliyotokeza, mataya kama mundu. Kikaratasi chake kilitaja pwani yetu.

Ni yeye! Tulipokuwa tukitoka chuoni kupitia ufuoni, alikuwa akitimka mbele yetu, akisimama ghafla, kisha akitimka tena. Tukidhani anatucheza shere. Kumbe mwenyewe hukimbia kasi hata macho yake yasiwahi kuona. Hugeuka kipofu kwa muda, hana budi asimame atazame windo lilipo. Jamaa yake mmoja wa Australia amepimwa, akakutwa anakwenda mita 2.5 kwa sekunde.

Lakini habari yake kubwa imo chini ya mchanga. Buu lake hukaa katika shimo lililosimama wima, kichwa kimeziba mlango kama kifuniko, na mgongoni lina kulabu za kujishikiza lisivutwe nje. Kidudu kikipita karibu, kimekwisha! Aina nyingine hukaa humo hata miaka miwili. Basi mchota mchanga, na mwenye kupitisha gari ufuoni, huangamiza watoto asiowaona. Marekani yamewafika: aina moja ya fukwe za mashariki, iliyokuwa tele, ilitoweka karibu kote baina ya Massachusetts na New Jersey, hata mwaka 1990 serikali ikaitia katika ulinzi wa sheria.

Nasi, tulio na sura za Nyuki, Chungu na Buibui katika Msahafu, huyu wetu sikupata kusikia akiitwa ila mbawakawa tu.

Jioni, mbele ya nyumba ya mpwa wangu, lori lilikuwa limemwaga mchanga wa kujengea ghorofa. Akaniambia ni wa mito ya Ukambani, si wa pwani. Lakini mbawakawa hawa wako na kando ya mito. Nikainama, nikawa naupekua kwa kidole.

"Mjomba," akaniuliza, "umeangusha nini?"