Mbili Mara Tatu: Kipeo, Kompyuta na Bao la Amu

Ningependa msomaji, hasa aliye mwalimu, ajibu swali moja dogo kabla hatujaendelea: namba mbili ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu, jibu ni ngapi? Nimelitupa swali hilo barazani kwetu Amu, kisha nikalirudia darasani chuoni ninakofundisha isimu, na mara zote mbili nimepata majibu matatu. Wapo waliosema sita. Wapo waliosema nane. Na wapo, wachache lakini wabishi, walioshikilia kuwa ni kumi na sita. Ajabu ni kwamba kila kundi lilitetea jibu lake kwa sentensi ile ile niliyoitamka mimi.

Aliyenitia katika mashaka haya ni mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili. Nilikwenda Amu kupumzika likizoni, nikamkuta ameinamia kipakatalishi kikuukuu, uso umemkunjamana kama nahodha aliyekosa upepo. Alikuwa akiandika programu yake ya kwanza kwa lugha ya Python, programu ya kutafuta kipeo cha namba yoyote. Aliipa mbili kwa kipeo cha tatu, ikampa kumi na sita.

“Mjomba, mashine hii imeharibika,” akaniambia. “Jibu ni nane, nayo yasema kumi na sita.”

Mimi si mwanahisabati, wala si fundi wa kompyuta. Nilichoweza kumwomba ni kitu kimoja tu, nacho ni kazi yangu ya kila siku: anieleze kwa Kiswahili, pole pole, aliiambia nini hiyo mashine. Akaniambia: “Nimeiambia ichukue mbili, halafu izidishe kwa mbili mara tatu.” Basi tukahesabu kwa vidole. Mbili kwa mbili, nne. Hiyo mara ya kwanza. Nne kwa mbili, nane; ya pili. Nane kwa mbili, kumi na sita, ya tatu. Mashine haikuharibika hata chembe. Ilifanya alivyoambiwa, si alivyokusudia aliyesema.

Hapa ndipo isimu inapoingia, na naomba nisite kidogo, maana jambo hili hupitwa na wengi. Neno letu “mara” lina kazi mbili. Tunaposema “mbili mara tatu ni sita”, kama tulivyokariri katika jedwali la kuzidisha tulipokuwa wadogo, “mara” ni alama ya hesabu. Tunaposema “piga hodi mara tatu”, “mara” huhesabu marudio ya kitendo. Mtoto anayesikia kazi ya kwanza atajibu sita, na kosa hilo ni mashuhuri katika madaftari ya shule zetu. Anayesikia kazi ya pili atarudia kuzidisha mara tatu kamili, naye atatoka na kumi na sita. Anayepata nane ni yule aliyekwisha kufahamu kwamba “tatu” katika kipeo haihesabu marudio ya kuzidisha, bali huhesabu hizo mbili zenyewe: mbili, na mbili, na mbili, tatu kwa idadi, na kati yake mna kuzidisha kuwili tu. Asidhani mtu kuwa huu ni udhaifu wa Kiswahili. Waingereza nao husema hivyo hivyo kwa lugha yao, na wanafunzi wao huteleza papo hapo.

Dawa yake ni kuanza na moja, wala si na mbili. Tuliandika hatua hizi kwanza kwenye karatasi:

Namba ni 2. Kipeo ni 3.
Jibu, kwa kuanzia, ni 1.
Rudia mara nyingi kama kipeo kisemavyo: jibu jipya ni jibu la sasa kuzidisha kwa namba.
Ukimaliza kurudia, andika jibu.

Moja kwa mbili, mbili. Mbili kwa mbili, nne. Nne kwa mbili, nane. Marudio matatu, jibu nane. Mzee mmoja aliyekuwa akitusikiliza alitikisa kichwa akasema, “Moya haiongezi wala haipunguzi,” naye alikuwa amesema kweli tupu ya hesabu kwa Kiamu chetu. Kwa kuwa moja haibadilishi kitu katika kuzidisha, ndiyo mahali pafaapo pa kuanzia. Na kwa njia hiyo hiyo kijana akapata, bila ya kukaririshwa, sababu ya kanuni iliyomsumbua muda mrefu: namba isiyo sifuri ikipewa kipeo cha sifuri, jibu lake ni moja. Usiporudia hata mara moja, hubaki na ulichoanza nacho.

Kuhamisha hatua hizo kutoka karatasini hadi kwenye Python kulichukua dakika chache. Lugha hiyo ina maneno machache ya Kiingereza isiyokubali kuyabadilisha, lakini majina ya vitu humwachia mwandishi. Kwa hiyo programu ya mpwa wangu ina “namba”, ina “kipeo” na ina “jibu”, na mashine imeyapokea bila ya kinyongo. Neno “kipeo” lenyewe lilimshangaza. Alilijua kwa maana ya kilele au upeo wa jambo, hakujua kwamba ng’ambo ya mpaka, katika shule za msingi za serikali za Tanzania, watoto hufundishwa vipeo na vipeuo kwa Kiswahili kama jambo la kawaida. Sisi huku tumelifundisha somo la hesabu kwa Kiingereza, tukamwachia mtoto alifasiri kimoyomoyo.

Tulipomaliza, tukaenda kuijaribu programu mahali ambapo kipeo huonekana kwa macho, yaani kwenye bao.

Hapana haja ya kulieleza bao kwa watu wa pwani, ila kwa ajili ya msomaji wa bara nitasema kwamba bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na huchezwa kwa kete 64. Wengi wanaijua hadithi ya kale ya sataranji, ya mtu aliyemwomba mfalme punje moja katika mraba wa kwanza, mbili katika wa pili, nne katika wa tatu, na kadhalika hadi mraba wa 64. Nilimwambia kijana aiache sataranji, atie mchele katika bao. Shimo la kwanza punje moja, la pili mbili, kila shimo maradufu ya lililotangulia. Basi shimo la nane lina mbili kwa kipeo cha saba, na shimo la 32 lina mbili kwa kipeo cha 31.

Tazama lugha inavyopanda pamoja na punje. Mwanzo tunahesabu kwa maneno yetu ya Kibantu, moja, mbili, nne, nane, na “kumi” tunaipita katika shimo la tano, penye punje 16. Shimo la nane lina 128, nasi tumekwisha kumwomba Mwarabu “mia” yake. Shimo la 11 lina 1,024, tumemwomba na “elfu”. Katika shimo la 18 zimo punje 131,072, na hapo tunasema “laki”, neno lililotufikia kutoka Bara Hindi. Shimo la 21 lina 1,048,576, na “milioni” tumeipata kwa Wazungu. Vipeo vya kumi katika Kiswahili ni historia ya bandari zetu, na anayetaka kuwafundisha wanafunzi historia ya msamiati ana somo zima hapo bila ya kununua kitabu.

Lakini jambo lililonifanya niandike makala haya limo katika miisho ya safu. Jumla ya punje za safu ya kwanza ni 255. Jumla ya safu mbili za kwanza ni 65,535. Jumla ya bao zima ni 4,294,967,295. Mwanafunzi yeyote wa kompyuta atazitambua namba hizi tatu mara moja. Ndizo namba kubwa kabisa zinazoweza kuandikwa kwa biti nane, kwa biti 16 na kwa biti 32, kwa sababu kila biti ni kama shimo moja katika mchezo wetu: ama lina punje zake zote, ama ni tupu. Mashimo manane ya safu moja ni baiti moja. Waliochonga bao hawakukusudia hivyo, bila shaka, wala sidai kwamba kompyuta ilizaliwa Amu! Nasema tu kwamba kifaa cha kufundishia kipo barazani tangu zamani, nasi tunangoja shehena ya vifaa kutoka nje.

Shimo la mwisho lina punje 2,147,483,648. Tukikadiria punje 40 kwa gramu, hizo ni takriban tani 54 za mchele katika shimo moja. Lugha nyingi za programu hutenga biti 32 kwa namba nzima ya kawaida, na mojawapo hutumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi. Kwa hiyo namba kubwa kabisa inayotoshea ni 2,147,483,647. Shimo la mwisho la bao linaizidi kwa punje moja tu. Python haina kikomo hicho, na programu ya mpwa wangu ilitoa jibu sahihi. Mwenziwe aliyeiandika kwa Java, kwa aina ile ya kawaida ya namba, alipata jibu hasi. Fikiria mfanyabiashara anayeuliza mchele wake ni punje ngapi, akaambiwa anadaiwa bilioni mbili.

Wala si mchezo wa watoto. Kompyuta nyingi za zamani huhesabu wakati kwa sekunde tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970, na zile zinazotumia biti 32 zitajaa Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za kwetu itakuwa saa kumi na mbili, dakika 14 na sekunde saba asubuhi. Sekunde itakayofuata, mashine isiyorekebishwa itajidhania iko mwaka 1901. Mpwa wangu alipiga hesabu ya umri wake siku hiyo, akanyamaza.

Sasa nirudi kwa walimu wenzangu, kwa maana nina neno nao. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ya Kenya iliidhinisha mafunzo ya kuandika programu kwa shule za msingi na za upili. Ni hatua ya kupongezwa. Hofu yangu ni namna ya kufundisha. Nimeona mahali pengi mwanafunzi akipewa mistari ya Kiingereza ainakili, ibofywe, jibu litoke, apewe alama. Akiulizwa mstari wa pili una maana gani, hutazama chini. Aliyenakili hivyo hana njia ya kupambana na kumi na sita pale anapotarajia nane, kwa sababu kosa halimo katika mistari. Limo katika sentensi iliyotangulia mistari, nayo hakuwahi kuitunga. Kwa mtoto wa Faza, Siyu au Matondoni, sentensi hiyo hutungwa kwa Kiswahili, apende mwalimu asipende. Kwa nini basi mwalimu wa Kiswahili asiingie katika chumba cha kompyuta? Nadhani kipindi kimoja cha kupasua neno “mara” kingefaa kuliko vipindi vitatu vya kunakili.

Najua nitajibiwa kwamba mtihani ni wa Kiingereza. Ni kweli, na sijasema Kiingereza kitupwe baharini. Nasema hatua ziandikwe kwanza katika lugha ambayo mwanafunzi anaweza kugombana nayo.

Siku ya kuondoka, nikiwa gatini nangoja mashua ya kwenda Mokowe, kijana alinifuata mbio na kipakatalishi chake kwapani. Alikuwa ameipa programu yake mbili kwa kipeo cha hasi tatu. Hesabu ya shuleni yasema jibu ni moja juu ya nane. Programu ilimjibu moja.

“Imeambiwa irudie mara hasi tatu,” nikamwambia. “Wewe ungefanyaje?”

“Nisingefanya kitu, mjomba.”

“Nayo haikufanya kitu.”

Akaketi juu ya gunia la watu, akakifungua kipakatalishi mapajani, akatoa kalamu na karatasi kwanza.