Jihadhari na programu zinazojifanya kutibu kompyuta

KOMPYUTA ya nyumbani au dukani inapoanza ghafla kutangaza kwamba imevamiwa na virusi na programu za kijasusi, mwenyewe hushtuka. Hushtuka zaidi kama humo ndimo alimoweka hesabu za wakulima wanaodaiwa pembejeo, idadi ya magunia yaliyoko ghalani na barua pepe za wanunuzi.

Onyo lenyewe huja na kila dalili ya ukweli. Kuna ngao ya rangi, kuna mstari unaosogea kuonyesha kwamba mashine inakaguliwa, na kuna orodha ndefu ya majina ya kutisha yaliyoandikwa kwa wino mwekundu. Mwisho wa yote hutolewa njia moja tu ya kupona: lipia programu kwa kadi ya benki, na kila kitu kitasafishwa.

Mara nyingi virusi vilivyotajwa katika orodha hiyo havipo kabisa. Kinachosumbua mashine ni hiyo hiyo programu inayojitangaza kuwa tiba.

Mkulima hahitaji maelezo marefu kuelewa mchezo huu. Ni sawa na mtu anayeingia shambani usiku akatawanya viwavi kwenye mahindi, kisha asubuhi akapita barabarani akiuza dawa ya viwavi. Tena ndani ya chupa mna maji matupu.

Programu za aina hii zilianza kuenea miaka ya mwanzo ya 2000, wakati watu wengi walipokuwa wakinunua kompyuta zao za kwanza na kusikia kwa mbali habari za programu za kijasusi. Hofu hiyo ndiyo iliyogeuzwa mtaji. Majina yake yalichaguliwa ili yafanane na bidhaa halali: WinFixer, SpySheriff, WinAntivirus, DriveCleaner, XP Antivirus.

Biashara ya mamilioni

Asidhani msomaji kwamba hii ilikuwa kazi ya vijana wachache wenye utundu. Desemba 2008, Tume ya Biashara ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi FTC, ilifungua kesi katika mahakama ya Maryland dhidi ya kampuni ya Innovative Marketing na washirika wake. Kampuni hiyo ilikuwa imesajiliwa Belize, lakini ilikuwa na ofisi mjini Kiev, Ukraine.

Kwa mujibu wa tume hiyo, zaidi ya watumiaji milioni moja walilaghaiwa wakanunua programu hizo, kila mmoja akitoa dola 39.95 au zaidi. Mwaka 2010 waendesha mashtaka wa Chicago waliwafungulia baadhi ya wahusika mashtaka ya jinai, wakisema walaji waliotapeliwa walikuwa katika nchi zaidi ya 60 na fedha zilizochukuliwa zilizidi dola milioni 100. Mwaka 2012 mahakama ya Maryland iliamuru zilipwe dola zaidi ya milioni 163.

La kuzingatia zaidi katika kesi hiyo ni namna matangazo yalivyosambazwa. Tume ilieleza kwamba wahusika walijifanya mawakala wa kampuni na taasisi halali, wakanunua nafasi za matangazo katika tovuti zinazoheshimika. Ndani ya tangazo walificha maelekezo ya kompyuta, hivyo mwenye tovuti alipolikagua aliona tangazo la kawaida, lakini msomaji wa kawaida alipelekwa kwenye ukaguzi wa uongo.

Kwa hiyo ule usemi wa mafundi wengi kwamba aliyepata tatizo hili lazima alikuwa akiangalia picha chafu hauna msingi. Umewafanya watu wengi waone haya kuomba msaada, na mwenye haya huishia kulipa kimya kimya.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa biashara tatu za aina hii. Waligundua kwamba kati ya kila watu 100 walioingiziwa programu hizo, ni kama wawili tu walionunua. Wawili hao walitosha kuwapa wenye biashara mamilioni ya dola, kwa sababu kutengeneza nakala nyingine ya programu hakugharimu chochote.

Kwanza, jua unapambana na nini

Kabla ya kufanya lolote, tofautisha mambo mawili. Kuna onyo ambalo ni ukurasa tu wa intaneti uliofunguka, na kuna programu ambayo tayari imeingia ndani ya mashine. Watu huyachanganya, na wengi hupeleka kwa fundi kompyuta ambayo haina ugonjwa wowote.

Kata intaneti. Chomoa waya, zima modemu au zima simu inayotoa intaneti. Usibonyeze kitu chochote ndani ya onyo lenyewe, hata alama ya X ya kufungia, kwani mara nyingine alama hiyo ni mchoro tu na kuibonyeza ni sawa na kukubali.

Badala yake bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha la Task Manager linaloonyesha programu zinazofanya kazi. Chagua ile unayotumia kufungulia intaneti, kisha bonyeza End task. Halafu zima kompyuta na kuiwasha upya intaneti ikiwa bado imekatwa.

Kama onyo halikurudi, kuna uwezekano mkubwa ulikuwa ukurasa tu. Utakapofungua tena intaneti, ukiulizwa kama unataka kurudishiwa kurasa za mwanzo, kataa. Kama limerudi hata bila intaneti, basi mgeni ameshaingia ndani na lazima atolewe.

Kumtoa mgeni

Kazi ya kwanza si kusafisha, ni kuokoa mali. Nakili hesabu, orodha na barua zako kwenye flashi au diski ya nje. Chukua nyaraka na picha tu. Usinakili programu yoyote. Flashi hiyo iwekwe kando na isichomekwe kwenye kompyuta nyingine mpaka itakapokaguliwa.

Programu laghai hujilinda. Hufunga Task Manager, huzuia tovuti za kampuni za usalama zisifunguke, na huziua programu za ukaguzi kila zinapowashwa. Ndiyo maana inafaa kuiwasha kompyuta katika hali ya usalama, iitwayo Safe Mode, ambapo Windows huamsha vitu vichache tu vya lazima na mgeni mara nyingi hubaki amelala.

Katika mashine za zamani za Windows XP na Windows 7, kitufe cha F8 kilibonyezwa mara kadhaa kabla nembo ya Windows haijatokea. Katika Windows 10 na 11, shikilia kitufe cha Shift huku ukichagua Restart. Katika skrini itakayofuata chagua Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha Startup Settings, bonyeza Restart, na mwisho bonyeza namba 4.

Ukiwa humo, fungua orodha ya programu zilizomo kwenye kompyuta na uipange kwa tarehe ya kuingizwa. Kitu usichokitambua kilichoingia siku ile tatizo lilipoanza ndicho cha kutiliwa shaka. Jaribu kukiondoa kwa njia ya kawaida. Baadhi ya programu hizi hazijiandikishi katika orodha, hivyo usishangae usipoiona.

Ukaguzi halisi ufanywe kwa programu iliyochukuliwa kutoka kompyuta nyingine iliyo salama, kwa mfano ya jirani au ya ofisi ya ushirika. Malwarebytes, ambayo ilitoka mwaka 2008 na kupata sifa kwa kazi hii hasa, ina toleo la bure. Kampuni ya Microsoft nayo hutoa bure programu iitwayo Safety Scanner, ambayo hutumika kwa siku 10 tu tangu kupakuliwa, kisha huna budi kuchukua nyingine mpya. Zote zichukuliwe kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Tangazo linalotokea juu ya matokeo unapotafuta kwenye intaneti laweza kuwa la walaghai wale wale.

Ikiwa programu ya ukaguzi inakataa kufunguka, kuna ujanja wa zamani ambao mafundi wameutumia kwa miaka mingi: badilisha jina la faili lake. Mgeni ana orodha ya majina ya maadui zake, na huwatambua kwa jina tu. Faili likiitwa mahindi, mara nyingi hupita bila kuulizwa.

Windows 10 na 11 zina pia ukaguzi unaofanyika kabla Windows yenyewe haijaamka, uitwao Microsoft Defender Offline, unaopatikana ndani ya mipangilio ya usalama. Huo ni mzuri kwa wageni wakaidi, kwani hawapati nafasi ya kuamka na kujitetea.

Ukaguzi ukiisha na wageni wakafutwa, washa mashine kama kawaida na ukague mara ya pili.

Hapa wengi hupata mshtuko mwingine: kompyuta imepona lakini intaneti haifunguki. Mashine haijaharibika. Programu nyingi za aina hii hubadilisha mipangilio ili mawasiliano yote yapitie kwake kwanza, kwa njia ya kile kinachoitwa proksi. Mgeni akishaondolewa, njia ile inaelekea mahali pasipo na mtu. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao, tafuta sehemu ya Proxy, na uzime proksi iliyowekwa pale bila wewe kujua. Intaneti itarudi.

Unapokwenda kwa fundi

Si kila mtu ataweza hatua hizi, na hakuna aibu kumtafuta fundi. Ila kabla hujamwachia mashine, mwulize atafanya nini. Mafundi wengi wa mjini wana dawa moja kwa kila ugonjwa: kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Kompyuta inarudi ikiwa nyepesi na safi, na hesabu za msimu mzima zimekwenda.

Kuweka upya ni dawa halali mashine inapokuwa imeharibika sana, lakini ifanywe baada ya nyaraka kunakiliwa na wewe kuzifungua kwa macho yako kwenye flashi ukaona zimo. Mwambie hivyo kwa maneno, na ikiwezekana yaandikwe kwenye risiti.

Mwulize vilevile ni nakala gani ya Windows anayoweka. Nakala za kughushi huuzwa kwa bei ya soda, na nyingine huja tayari na wageni ndani au zikiwa zimefungiwa milango ya masasisho. Kwa mwenye duka dogo bei ya leseni inauma, hilo linaeleweka, ila ni vema ajue anachonunua.

Masasisho nayo huzimwa na wengi kwa kuogopa kumaliza bando. Yapangiwe siku moja ya wiki, usiku, pale bei ya bando inapopungua. Ikumbukwe pia kwamba Windows XP iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Kama umeshalipa

Piga simu benki siku hiyo hiyo. Omba kadi ifungwe na upewe nyingine, maana waliopokea namba yake wanaweza kuitumia tena au kuiuza. Kisha pinga malipo yenyewe na udai urudishiwe, ukieleza kwamba ulidanganywa.

Usikate tamaa kudai. Uchunguzi ule wa 2011 ulionyesha kwamba walaghai wenyewe walikuwa wakirudisha fedha kwa baadhi ya waliolalamika, kwa sababu malalamiko yakizidi kampuni za kadi huwakatia huduma ya kupokea malipo. Anayenyamaza ndiye anayewapa faida.

Badilisha pia maneno ya siri, ukitumia kompyuta nyingine au simu. Anza na la barua pepe, kwani mwenye barua pepe yako anaweza kuomba mengine yote yabadilishwe. Wapo pia walioandika namba za siri za pesa za simu kwenye faili ndani ya kompyuta. Hizo nazo zibadilishwe.

Sura mpya

Ulaghai huu haukuisha, umebadilisha nguo. Machi 2024 FTC ilitangaza kwamba kampuni mbili zenye makao Cyprus, Restoro na Reimage, zimekubali kulipa dola milioni 26. Zilidaiwa kuonyesha watu maonyo yaliyofanana na ya Windows, kuwauzia programu ya kurekebisha, kisha kuwataka wapige simu ambako waliuziwa huduma za fundi kwa hadi karibu dola 500.

Namba ya simu ndiyo alama ya siku hizi. Microsoft imeeleza wazi kwamba maonyo yake halisi hayaweki namba ya simu. Ukiona onyo la kompyuta linalokutaka upige simu, huna haja ya kusoma mstari wa pili.

Nyingine huja kupitia ruhusa ndogo. Tovuti inakuuliza kama ikuletee taarifa, nawe unabonyeza Allow bila kufikiri. Tangu siku hiyo vijionyo vinachomoza pembeni mwa skrini vikisema ulinzi wako umekwisha muda. Hapo hapana cha kusafisha: fungua mipangilio ya programu unayotumia kwa intaneti, nenda sehemu ya Notifications, na uondoe kila tovuti usiyoijua. Kwenye simu za Android utaratibu ni huo huo.