Bei ya sangara yapangwa mbali na mwaloni

Mfanyabiashara mmoja wa Mwanza, anayekusanya sangara visiwani na kuwafikisha kiwandani, analalamika kwamba mizani ni ya mnunuzi, bei ni ya mnunuzi, na samaki akikataliwa hasara ni yake, maana barafu haisubiri. Kinachomuuma zaidi ni bondo, yaani kifuko cha hewa cha samaki. Anadai analipwa kwa uzito wa samaki mzima, kana kwamba tumboni hamna kitu, wakati bondo lililokaushwa huuzwa Hong Kong na China kwa bei ambayo kilo ya minofu haiisogelei. Kiwanda kina gharama zake, lakini lalamiko hili lina uzito, kwa sababu mvuvi asiyejua bei ya bondo hana anachoweza kudai.

Minofu mibichi husafiri kwa ndege hadi Ulaya, ambako hukutana na pangasius wa kufugwa kutoka Vietnam, wa bei nafuu na asiyeadimika. Sangara hafugwi kwa wingi namna hiyo. Isitoshe, soko hilo laweza kufungwa ghafla: Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria mara kadhaa kati ya 1997 na 1999, na wavuvi ndio walioumia kwanza.

Samaki wa ziwa hili hawaendi Ulaya tu. Kenya, yenye takriban asilimia 6 tu ya ziwa, hununua samaki wa majirani na pia sato waliogandishwa kutoka China. Kayabo, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, na dagaa huelekea Kongo, biashara inayolisha watu wengi lakini isiyopewa uzito katika hotuba.

Ofisa mmoja wa uvuvi anasema sangara wanarejea, na hoja yake ni doria za jeshi zilizoanza Uganda mwaka 2017. Huenda ni kweli kwa baadhi ya maeneo. Lakini hata shehena inayopokelewa kiwandani ikiongezeka, haipimi kilichobaki majini, na mialoni, samaki wanaposhushwa, bado wanaonekana sangara wasiofika sentimita 50, urefu wa chini unaoruhusiwa. Wavuvi wadogo wanasema doria huchoma nyavu zao na kuwaacha wenye magari ya kusafirisha samaki wachanga.

Bei inaweza kupanda samaki wakiadimika, ila si lazima nyongeza hiyo ifike mwaloni. Mamlaka za nchi tatu za ziwa, Tanzania, Kenya na Uganda, zianze na jambo jepesi: bei ya bondo na ya minofu zitangazwe kila wiki mwaloni, na mizani ikaguliwe mbele ya mvuvi.