Gundi Inayogeuza Maranda Kuwa Mbao



Mbao za maranda mmeziona madukani. Yafaa tujue zinavyopatikana.

Maranda au nyuzi za mimea hukaushwa, hunyunyizwa gundi, hutandazwa kama karafuu jamvini, kisha hushindiliwa baina ya mabamba ya chuma yenye moto mkali. Gundi mojawapo ni poliisosianati, ya ukoo uliotokana na kazi ya Otto Bayer na wenzake huko Ujerumani mwaka 1937. Gundi hii haikauki tu, bali huungana na unyevu uliomo ndani ya mti. Kwa hiyo ratili 3 mpaka 6 hutosha ratili 100 za maranda. Hushika hata mabua ya ngano, ambayo ngozi yake ya nta huzikataa gundi nyingine.

Lakini tahadhari! Mvuke wake huleta pumu, na aliyekwisha kudhurika huweza kushikwa tena kwa kiasi kidogo sana. Tena pipa lake likiingia maji likafungwa, hewa hujaa ndani hata likapasuka.

Basi ukiuziwa gundi hii kwa bei rahisi, usiijaribu barazani pako. Ni kazi ya kiwanda chenye mitambo ya kuvuta hewa. Mbao zaweza kununuliwa; kifua hakinunuliwi.