Telki ya punda imepotelea mgongoni

Mwaka uliopita nilikuwa nikiongeza chumba juu ya nyumba yetu hapa Lamu, na kama ilivyo desturi ya mji huu, mchanga na saruji vililetwa na punda. Siku ya tatu punda mmoja alisimama mlangoni, kijana akashusha mzigo, na gunia lililokuwa limetandikwa mgongoni likateleza. Chini yake palikuwa na kidonda kibichi, ukubwa wa kiganja changu, juu kabisa ya uti wa mgongo. Nikamuuliza kijana, huyu amepatwa na nini? Akanijibu, "Ni mzigo tu, ami. Wote wanavyo."

Nilimlipa, akaenda zake. Lakini jawabu lile lilinikaa kifuani, kwa sababu mzigo ule ulikuwa wangu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza wenye punda, hasa wazee, na nikisoma habari za matandiko ya farasi na punda kila ninapozipata. Nilichojifunza ni kwamba kijana alisema nusu ya ukweli. Mzigo huumiza, ndiyo. Lakini mara nyingi kinachoamua kama mgongo utabaki mzima au utachubuka ni kile kilichowekwa baina ya mzigo na mgongo.

Wazee wetu walikuwa na neno ambalo vijana wengi leo hawalijui: telki. Punda aliyekwenda telki alikuwa na mwendo wa haraka usiokuwa mbio, mwendo laini ambao mpandaji harushwirushwi. Punda weupe walioletwa kutoka Maskati, waliokuwa fahari ya waungwana wa Unguja, walithaminiwa na kutandikwa kwa heshima. Leo tazama punda wetu katika vichochoro: hatua fupi, shingo imekaza, mgongo umebonyea. Tunasema ni mvivu. Mimi nadhani wengi wao wanaumwa.

Hebu tuanze na mgongo wenyewe. Pitisha mkono juu ya mgongo wa punda utausikia uti katikati, mfupa umefunikwa na ngozi tu, hauna nyama ya kuukinga. Pembeni mwa uti, kulia na kushoto, pana misuli mirefu, na chini ya misuli hiyo pana mbavu. Mwenyezi Mungu ameumba sehemu mbili hizo za pembeni ziweze kustahimili uzito kidogo. Uti wa katikati haukuumbwa kukaliwa na kitu.

Mama zetu walilijua jambo hili bila ya kulisoma popote. Hakuna mwanamke wa pwani aliyejitwika ndoo ya maji bila ya kata kichwani. Kata haipunguzi uzito wa ndoo hata kidogo. Inachofanya ni kuutawanya uzito ule ili usikae mahali pamoja. Tandiko zuri ni kata ya mnyama.

Ndani ya tandiko la farasi kuna kiunzi. Kwa kawaida ni cha mbao, na siku hizi vipo pia vya plastiki ngumu. Kina mbao mbili ndefu zinazolala kwa urefu wa mgongo, moja kulia na moja kushoto, na matao mawili, la mbele na la nyuma, yanayoziunganisha juu ya uti bila ya kuugusa. Ngozi, sufi na mapambo yote hujengwa juu yake. Fundi wa jahazi ataelewa haraka: mkuku na mataruma vikiwa vimepinda, hakuna rangi wala tanga litakalokiokoa chombo.

Kazi ya kiunzi ni mbili tu. Kwanza, kuacha nafasi wazi juu ya uti wa mgongo. Pili, kuutandaza uzito juu ya eneo kubwa la misuli ya pembeni. Chukua mzigo wa kilo 60. Ukitandazwa sawasawa juu ya eneo la sentimita za mraba 1,200, kila sentimita ya mraba hubeba gramu 50. Mzigo ule ule ukigusa sentimita za mraba 200 peke yake, kila moja hubeba gramu 300, yaani mara sita. Mkandamizo ukizidi na ukadumu, mishipa midogo ya damu hubanwa, nyama hukosa damu, na nyama isiyopata damu hufa. Mara nyingi madhara huanza ndani, karibu na mfupa, na ngozi hupasuka baadaye. Ndiyo maana mwenye punda huona kidonda leo akadhani kimetokea leo.

Kiunzi kinaweza kukosea kwa njia nne. Kikiwa chembamba kuliko mgongo, hubana juu kama koleo. Kikiwa kipana mno, hushuka mpaka tao likalala juu ya uti. Mbao zikiwa zimenyooka na mgongo una mbonyeo, zitagusa mbele na nyuma tu, katikati pakabaki uwazi kama daraja, na uzito wote ukaishia kwenye ncha nne. Na mbao zikipinda kupita kiasi, zitagusa katikati pekee, tandiko likayumba kama dau tupu lililopandishwa mchangani.

Sasa tuje kwenye mwendo. Huko Marekani kuna farasi waitwao Tennessee Walking Horse, na katika Puerto Rico na Colombia wapo Paso Fino. Farasi hawa wanasifika kwa kitu kile kile wazee wetu walichokipenda katika telki: ulaini wa safari. Badala ya kupiga ardhi miguu miwili miwili kama farasi akimbiaye mwendo wa kati, miguu yao minne hushuka mmoja baada ya mwengine, na aliyekaa juu hatikisiki.

Wenye farasi hao wamegundua kwamba tandiko baya huharibu mwendo kabla ya kuharibu ngozi. Sababu ni kombe la bega. Mguu wa mbele unaponyooshwa kwenda mbele, ncha ya juu ya kombe la bega hurudi nyuma. Ikiwa mbao za kiunzi zimekaa juu ya bega, au ncha zake za mbele zimebana, kombe hujigonga kila hatua. Mnyama akigundua kuwa hatua ndefu inauma, hufupisha hatua. Akifupisha hatua hukaza mgongo, hubonyea, huinua kichwa, na mpangilio wa ile miguu minne huvurugika. Kwa hivyo mafundi wa matandiko yao huzitanua ncha za mbele zielekee nje, wakaliweka tandiko nyuma ya bega, na wakahakikisha mbao hazipiti ubavu wa mwisho, kwa kuwa nyuma ya hapo kiuno hakina mbavu za kukishikilia.

Kuna kosa moja ambalo watu hulifanya huko na hapa kwetu pia: tandiko likibana, wanaongeza mto chini yake. Ndugu yangu, kiatu kikikubana hutavaa soksi ya pili. Mto husaidia kiunzi kinacholingana na mgongo, huficha sugu ndogo ndogo na hunyonya jasho. Kiunzi kisicholingana hakiponywi kwa mto.

Je, tukachukue tandiko la farasi tumtandike punda? La. Punda ana umbo lake. Farasi ana mwinuko pale shingo inapokutana na mgongo, na mwinuko huo huzuia tandiko lisiende mbele. Punda wengi hawana mwinuko wa maana. Mgongo wao umenyooka na ni mwembamba, kwa hivyo tandiko huteleza kuelekea mabegani, hasa kwenye mteremko. Dawa yake si kukaza mkanda wa tumbo mpaka mnyama ashindwe kuvuta pumzi. Dawa ni mkanda mpana unaozunguka nyuma ya mapaja na kulishika tandiko mahali pake. Na mkanda huo usiwe kamba ya nailoni iliyo wazi, kwani hiyo hukata ngozi chini ya mkia kama msumeno.

Sasa linganisha na hali yetu. Wengi wetu tunakunja gunia moja au mawili, tunalilaza katikati ya mgongo, tunaweka sogi juu, tunajaza pande mbili, safari. Gunia lile halina njia ya katikati. Uzito wa pande zote mbili unavuta chini, na mahali unapokutana ni pale juu ya uti, penye mfupa na ngozi tu. Kidonda nilichokiona mlangoni kwangu kilikuwa hapo hapo. Hakikuwa ajali, ni hesabu.

Marekebisho yake si ya gharama kubwa. Mito miwili mirefu ya turubai au gunia gumu, iliyojazwa nyasi kavu au makumbi yaliyochambuliwa vizuri, ishonwe pamoja kwa kitambaa huku baina yao pakiachwa nafasi ya vidole vinne hivi. Mto mmoja ulale kulia kwa uti, mmoja kushoto. Juu yake, seremala anaweza kuweka kiunzi chepesi: mbao mbili zilizochongwa zifuate umbo la mgongo wa punda yule, kingo zake zikalainishwa, na matao mawili ya kuziunganisha. Sogi ining'inie kwenye kiunzi, siyo kwenye mgongo. Pande mbili zilingane uzito, kwani upande mmoja ukizidi, kiunzi kizuri nacho kitasuguana na uti. Na mchanga uliolowa ni mzito kuliko mkavu, kwa hivyo ndoo zile zile huwa si mzigo ule ule.

Kukagua ni rahisi pia. Baada ya kazi, ondoa tandiko utazame alama za jasho. Zikiwa sawa kulia na kushoto, na njia ya katikati ni kavu, ni dalili njema. Ukiona kibaka kikavu katikati ya eneo lililolowa jasho, ama tandiko halikugusa hapo, ama limebana mno. Bonyeza kwa vidole: akiruka au akilaza masikio, amekujibu. Nywele nyeupe zilizoota kama viraka juu ya mgongo ni kumbukumbu ya vidonda vya zamani. Na punda mwenye kidonda kibichi asitandikwe kabisa mpaka apone. Hapa Lamu tuna bahati ya zahanati ya punda ya shirika la Donkey Sanctuary, ambayo imekuwa kisiwani tangu mwaka 1987. Hatuna udhuru wa kusema hatukujua pa kumpeleka.

Najua kijana yule angenijibu vipi. Angesema, ami, nikimpumzisha punda wiki tatu watoto wangu watakula nini? Swali hilo ni la haki, na sitalijibu kwa mahubiri. Ila punda asiyetandikwa vizuri atapumzika tu, akitaka asitake, na wakati huo kidonda kitakuwa kimeingia ndani. Gharama ya mito miwili ni ndogo kuliko wiki moja bila ya kazi.

Halafu kuna sisi tunaoagiza mzigo. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Shirika hilo la punda, huko kwao Uingereza, huweka kikomo cha kilo 50 hivi kwa mtu anayempanda punda mzima mwenye afya. Sisi tunataka mifuko miwili kwa safari moja, na tunapatana bei kana kwamba punda hayumo katika mapatano. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpakia mnyama kupita kiasi. Na kabla ya sheria ya serikali, sisi tuna mafundisho ya Mtume wetu (SAW), ambaye alituonya tumche Mungu kuhusu wanyama hawa wasiosema, na akakataza migongo yao isifanywe mimbari, yaani mtu kukaa juu ya mnyama aliyesimama akapiga soga. Mara ngapi tumewaona punda wamesimama kwenye jua la saa saba na sogi zimejaa, huku sisi tukibishana bei kivulini?

Mwezi uliopita nilihitaji mifuko kumi ya saruji. Nilimtafuta kijana yule yule. Nilimwambia nitalipia safari kumi, mfuko mmoja kila safari uliogawanywa pande mbili, na nikampa pesa za turubai ya mito. Alicheka, akadhani natania. Alipokuja, mito ilikuwa imeshonwa na mama yake, njia ya katikati ipo, na punda aliyekuwa na kidonda hakuwemo. Alikuwa nyumbani, anaota nywele.

Aliyekuja badala yake alipomaliza kushusha mfuko wa kumi aligeuka, akashika njia ya kichochoro kuelekea kwao. Sijui kama ile ilikuwa telki, maana sikuwahi kuishuhudia. Lakini alikwenda haraka, kichwa chini, hatua ndefu, na kijana ikambidi akimbie kumfuata.