Umefungiwa leseni kwa ulevi? Daktari hapimi bia ya jana, anapima miezi yako

Saa 11 alfajiri, stendi ya mabasi. Iwe Mbeya mjini au Igumbilo pale Iringa, picha ni ileile. Konda anaita abiria, mizigo inapakiwa, trafiki anamwita dereva pembeni. "Puliza hapa."

Namba ikizidi, basi litaondoka na dereva mwingine. Wewe unabaki na kesi, na mahakama ikikutia hatiani ina mamlaka ya kukuondolea leseni. Kwa dereva, leseni ikienda imeenda na ada ya watoto na kodi ya nyumba.

Siku ya kuirudisha inapokaribia, wengi wanapiga hesabu moja: "Nitakaa siku 3 bila kunywa, nitakunywa maji mengi, nitaenda hospitali nipimwe, yaishe."

Hesabu hiyo inafeli. Tuone kwa nini, na ufanye nini badala yake.

Kwanza, ulizidisha nini?

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ambayo ni ya mwaka 1973, inaweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi kwenye kila mililita 100 za damu. Pia ni kosa kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari.

Barabarani unapuliza kwenye kifaa. Ikihitajika damu, sampuli inachukuliwa hospitali na kupelekwa maabara. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda Mbeya inayohudumia Nyanda za Juu Kusini.

Sasa njoo kwenye hesabu inayowakamatisha wengi. Bia moja ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi. Bia 5 ni gramu 100. Ini la mtu mzima linasafisha takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, sio zaidi.

Ukianza kunywa saa 1 usiku, bia hizo 5 zitaisha mwilini kati ya saa 11 alfajiri na saa 3 asubuhi. Basi lako linaondoka saa ngapi?

Supu haiharakishi. Kahawa haiharakishi. Kuoga maji ya baridi ya Mafinga ndio kabisa, kunakutoa usingizi tu. Na kuzimua asubuhi ni kuongeza deni juu ya deni.

Kwenye ulanzi na komoni hesabu ni ngumu zaidi. Hakuna lebo. Ulanzi unaendelea kuchacha kwenye chombo, kwa hiyo ule wa asubuhi na wa jioni sio kitu kimoja, hata kama kikombe ni kilekile. Gongo ndio usiseme.

Kifaa kinasoma jana, daktari anasoma miezi

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Kifaa cha trafiki kinajibu swali moja: una pombe mwilini sasa hivi?

Daktari anayempima dereva aliyefungiwa ana swali lingine: pombe bado inakuendesha? Ndiyo maana siku 3 hazitoshi. Vipimo vyake vinaangalia alama ambazo pombe imeziacha kwenye ini, kwenye damu, hata kwenye nywele.

Hivi ndivyo vinavyotumika zaidi:

- GGT. Ni kimeng'enya cha ini. Ukinywa sana kwa muda kinapanda, na ukiacha kinashuka taratibu, kwa wiki kadhaa. Lakini magonjwa ya ini, unene na baadhi ya dawa, zikiwemo za kifafa, vinaweza kukipandisha pia.

- MCV. Inatoka kwenye kile kipimo cha damu cha kawaida, FBP. Inaonyesha ukubwa wa chembe nyekundu. Kwa mnywaji wa muda mrefu chembe zinakuwa kubwa kuliko kawaida. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120, kwa hiyo kurudi sawa kunachukua miezi 3 hadi 4.

- CDT. Hiki kinalenga pombe moja kwa moja zaidi. Kunywa gramu 60 kwa siku, yaani kama bia 3 za mililita 500, kwa wiki 2 hivi kunaweza kukipandisha. Ukiacha kabisa kinashuka ndani ya wiki 2 hadi 4.

- EtG. Ni mabaki ya kilevi. Kwenye mkojo yanaweza kuonekana hadi siku 3 hivi. Kwenye nywele ni zaidi: nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, hivyo sentimita 3 zinabeba habari za miezi 3.

- Maswali 10 ya AUDIT. Yaliandaliwa na Shirika la Afya Duniani, WHO. Unakunywa mara ngapi? Umewahi kushindwa kuacha ukishaanza? Kuna mtu ameumia kwa sababu ya unywaji wako? Alama 8 na kuendelea ni dalili kwamba unywaji wako umeshakuwa hatari.

Juu ya hayo daktari atapima presha, atabonyeza tumbo kuangalia ini, ataangalia kama mikono inatetemeka na kama unaona vizuri.

Kumbuka, hakuna kipimo kimoja kinachokuhukumu peke yake. Daktari anayaweka yote pamoja. Kwa hiyo mwambie dawa zote unazotumia. Mfano mzuri ni zidovudine, moja ya dawa za ARV, ambayo inaweza kuongeza ukubwa wa chembe nyekundu hata kwa mtu asiyegusa pombe. Iringa na Mbeya ni kati ya mikoa yenye maambukizi mengi ya VVU nchini, kwa hiyo jambo hili sio la pembeni. Usione aibu ukaficha, halafu majibu yakakusema vibaya.

Wenzetu wanafanyaje?

Uingereza bara, ukiacha Scotland, kikomo ni miligramu 80 kama hapa kwetu. Dereva aliyekutwa na miligramu 200 au zaidi anawekwa kundi la hatari kubwa. Vivyo hivyo aliyekataa kutoa sampuli, au aliyefungiwa mara 2 ndani ya miaka 10 kwa kuzidisha kikomo. Kifungo cha leseni kikiisha harudishiwi hivihivi, anapitia kwa daktari na anapimwa CDT.

Ujerumani, aliyekamatwa na kiwango cha kuanzia 1.6 kwa elfu, ambacho ni kama mara 2 ya kikomo chetu, anapelekwa kwenye tathmini ya daktari na mwanasaikolojia. Mara nyingi anatakiwa kuthibitisha kwa mkojo au nywele kwamba ameacha pombe kwa miezi.

Somo ni moja kwa nchi zote mbili: muda wa kufungiwa unahesabiwa kama muda wa kubadilika, na daktari ndiye anayeangalia kama umebadilika kweli.

Wewe wa Mbeya au Iringa ufanye nini?

1. Soma amri yako. Nani amekufungia, mahakama au polisi? Kwa muda gani? Imesimamishwa au imefutwa? Hapo ndipo hatua nyingine zote zinaanzia. Na usiendeshe kabla muda haujaisha, hata bajaji ya mshikaji hadi sokoni. Hilo ni kosa jingine.

2. Pima mapema, sio mwishoni. Mwezi wa kwanza wa kufungiwa nenda hospitali, omba GGT, FBP, presha na macho. Rudia baada ya miezi 3, kisha karibu na mwisho. Karatasi 3 zinazoonyesha namba zinashuka zina nguvu kuliko moja iliyopatikana jana yake. Hata kama hujaombwa, zitakusaidia mbele ya mwajiri.

3. Kama unataka msaada, uliza kitengo cha afya ya akili. Sio kwa "vichaa" kama mtaa unavyosema. Utegemezi wa pombe ni ugonjwa unaotibika. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina kitengo hicho.

4. Kamilisha upande wa leseni. Trafiki wa mkoa wanahusika na kuthibitisha uwezo wako, TRA inahusika na malipo na kutoa leseni. Angalia pia tarehe: leseni ya kawaida ni ya miaka 5, inaweza kuwa imeisha wakati umefungiwa. Kama unabeba abiria au unaendesha chombo kingine cha biashara, kumbuka LATRA nayo inatahini na kuthibitisha madereva.

5. Usinunue cheti. Karatasi ya daktari ambaye hajakugusa ni kughushi, na inakufungulia kesi mpya.

Muhimu: usiache ghafla kama mwili umeshazoea

Ukiamka unatetemeka, unatoka jasho, na mpaka uzimue ndio unatulia, usikate pombe peke yako nyumbani. Ndani ya siku 2 au 3 unaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa, kuona vitu ambavyo havipo. Watu wanafariki kwa hilo. Nenda hospitali waseme ukweli wote, zipo dawa za kukuvusha salama.

Na kama ni mke, mume au kaka wa dereva unasoma hapa, mpeleke. Usimsubiri "ajirekebishe mwenyewe".

Kwa nini yote haya?

Kwa sababu barabara zetu hazisamehe. Kitonga kuna kona na korongo. Iwambi na Mlima Nyoka ni mteremko ambao malori yenye shehena ya Tunduma yanashuka nyuma yako. Pale unahitaji kuona, kuamua na kukanyaga breki, na pombe inachelewesha vyote vitatu.

Leseni unaweza kuirudisha kwa karatasi. Lakini abiria 60 walioko nyuma yako hawakai juu ya karatasi, wanakaa juu ya mikono yako. Anza leo, sio wiki moja kabla ya kifungo kuisha.